Hati ya Pamoja, Mahakama au Hifadhi ya Jamii: Jamii Asilia Ianzie Wapi?

Kabati la chuma la ofisi moja ya kijiji mkoani Manyara lina rafu mbili. Ya juu imejaa vyeti vya semina: utawala bora, haki za binadamu, mabadiliko ya tabianchi, uongozi wa wanawake, kila kimoja na nembo ya mfadhili wake. Ya chini ina faili moja la kijani lenye mihtasari ya mikutano mikuu ya kijiji. Nilikuwepo siku mgogoro wa mpaka na kijiji jirani ulipopamba moto, na mtu wa ardhi kutoka wilayani alipofika hakuulizia cheti hata kimoja. Aliuliza, "Mkutano mkuu ulikaa lini kuhusu eneo hili, na akidi ilitimia?" Faili la kijani likafunguliwa. Mihtasari ya miaka miwili haikuwemo.

Tangu siku hiyo neno "kujengewa uwezo" nalipima kwa swali moja: gari la mradi likishaondoka, watu wa pale wanabaki wakiweza kufanya nini wenyewe? Kwa swali hilo nalinganisha hapa njia ambazo jamii za wawindaji, warina asali na wafugaji wa Tanzania na Kenya zimezitumia ili zijiamulie mambo yao. Nawaandikia hasa vijana waliosoma wakarudi nyumbani, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, akina mama wa vikundi, na watu wa asasi wanaoulizwa kila mara, "Sasa tuanze na lipi?" Jamii yenye watu wachache na pesa kidogo haiwezi kuanza na yote.

Neno moja kwanza kuhusu hilo jina, jamii asilia. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Jamii Asilia kwa kura 144. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo; Kenya haikuunga mkono wala kupinga. Hata hivyo Tanzania imeshikilia msimamo kwamba Waafrika wote ni wenyeji asilia, kwa hiyo hakuna kundi la kutengewa haki kwa jina hilo. Msimamo huo una maana kubwa katika kuchagua njia, kwa sababu njia nyingine zinakudai uthibitishe kwanza wewe ni nani, na nyingine zinakuuliza tu unaishi wapi na mmekubaliana nini.

Hati miliki ya kimila ya pamoja

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushee, waishio kuzunguka Ziwa Eyasi. Wanawinda, wanachimba mizizi, wanarina asali, wanaokota matunda ya mbuyu. Tabu yao ya ardhi ni rahisi kuieleza: kwa macho ya mgeni, mahali pasipo shamba wala boma ni pori tupu linalosubiri mwenyewe. Wakulima waliingia, wafugaji waliingia, na mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka nje ya nchi ilitaka Bonde la Yaeda, ikajiondoa baada ya kelele kubwa kupigwa ndani na nje. Safari ile waliokolewa na kelele. Lakini kelele si kitu cha kutegemea kila mwaka.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati miliki ya kimila ya pamoja yenye zaidi ya hekta 20,000. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Waliosaidia kuipata ni shirika la Ujamaa Community Resource Team, ambalo wenyeji hulijua kama UCRT. Mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja kwa Wahadzabe na kwa wafugaji. Loure mwenyewe ni Mmasai wa Simanjiro, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizoondolewa Tarangire mwaka 1970 hifadhi ilipoanzishwa.

Sheria iliyotumika haikutungwa kwa ajili ya jamii asilia. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ileile anayoitumia mkulima wa mahindi. Inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa na serikali, na inaruhusu kundi zima kumiliki kwa pamoja, si mtu mmoja mmoja tu. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mhadzabe hakutakiwa kumthibitishia hakimu kwamba yeye ni wa asili kuliko jirani yake. Alitakiwa awe mwanakijiji, aombe pamoja na wenzake, na mkutano mkuu ukubali.

Na ugumu wake upo hapohapo. Mipaka ya kijiji ijulikane na cheti cha ardhi ya kijiji kiwepo. Mpango wa matumizi ya ardhi uandaliwe: hapa malisho ya kiangazi, hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu wa asali na mawindo. Halmashauri ya kijiji ijadili, mkutano mkuu upitishe, sheria ndogo ziende wilayani, afisa ardhi aweke saini. Hatua hizo huchosha, na mara nyingi pesa ya kuwaleta wapimaji huwa haipo. Lakini angalia kinachojifunzwa njiani. Nimekaa chini ya mgunga orodha ya mahudhurio ikizungushwa. Mzee anachovya dole gumba kwenye kidau cha wino wa zambarau, anabonyeza kwenye mstari wa jina lake, anatazama kama imetokea vizuri, kisha anafuta kidole kwenye shuka. Binti anayeandika muhtasari anahesabu madole yale mara mbili, anapandisha sauti: "Bado kumi na moja akidi itimie, mwiteni aliyeko kisimani!" Binti yule alijifunza akidi ni nini kwa kuihesabu, na mwaka uliofuata hakuhitaji mtu wa mjini kuja kumweleza.

Hati hii ina mipaka yake, na asiyeisema mipaka hiyo anawadanganya watu. Rais ana mamlaka kisheria ya kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa alama na kutolewa kwenye matumizi ya vijiji, pamoja na kwamba wananchi wa pale walishafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Vilevile hati ya pamoja ikibaki mikononi mwa wazee watatu, inaweza kuwa mali ya wazee watatu. Sheria inataka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Kiti wanakipata, sauti ni kazi nyingine. Wanawake wa Loliondo waliliona hilo mapema: Maanda Ngoitiko na wenzake walianzisha Pastoral Women's Council, shirika la wanawake wafugaji, mwaka 1997, wakaanza na vikundi vya akina mama wenyewe, kabla ya kugombania viti vya mabaraza.

Mahakama

Hapa mfano mkubwa ni Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, Kenya. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Malalamiko yalikwenda kwanza kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2012 Tume ikayapeleka kwenye Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ilisema Waogiek ni jamii asilia, na kwamba Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, pamoja na haki ya ardhi, dini na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu waliyoyapata, pesa ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, Narok.

Soma tarehe hizo taratibu. Toka notisi hadi amri ya fidia ni karibu miaka 13, na mwaka mmoja na nusu baadaye watu wako nje tena na watoto na vyungu. Waendorois, wafugaji wa Ziwa Bogoria hukohuko Kenya, walipita njia hiyohiyo: waliondolewa miaka ya 1970, Tume ya Afrika ikawapa haki mwaka 2010, na kurudishiwa ardhi kukabaki kuwa madai.

Basi kesi haina faida? Hapana, ninaiheshimu sana kesi ya Ogiek. Imewapa majirani zao wote maneno ya kusimamia, na serikali yoyote ya Afrika itakayotaka kusema warina asali ndio wanaoharibu msitu lazima ipite kwanza kwenye hukumu ile, maana Mahakama ililikataa hilo waziwazi. Lakini tuulize swali letu: nani alibaki akijua nini?

Jibu la Waogiek linavutia, kwa sababu uwezo wao mkubwa ulijengwa kabla hawajafika Arusha. Mwaka 2006, huko Nessuit, wazee na vijana wao walikaa pamoja wakatengeneza mfano wa Mau ya Mashariki kwa makaratasi magumu, tabaka juu ya tabaka, mabonde na vilima, kisha wakaweka rangi, pini na nyuzi: huu mto jina lake hili, huku eneo la ukoo fulani, huku mizinga hupandishwa msimu wa maua ya juu, huku hushushwa baridi ikizidi. Mtoto aliyezaliwa baada ya miti kukatwa aliuona msitu wa babu yake juu ya meza. Kazi kama ile inasaidia mahakamani, inasaidia kwenye mazungumzo na kaunti, inasaidia shuleni. Hoja za kisheria, kwa upande mwingine, ziliandikwa na wanasheria kwa lugha ambayo mzee wa Mau haisomi. Hilo si kosa la wanasheria. Kesi ndivyo zilivyo. Ila jamii inayoingia mahakamani bila chombo chake yenyewe, kama Ogiek Peoples' Development Program walivyokuwa chombo cha Waogiek, inageuka mteja anayesubiri simu.

Hifadhi ya jamii na mikataba ya kaboni

WMA (Wildlife Management Areas), kama kila mtu Tanzania anavyoziita, ni maeneo ambayo vijiji kadhaa hutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na kuunda jumuiya moja ya kuyasimamia: Enduimet chini ya Kilimanjaro, Burunge karibu na Tarangire, Makame huko Kiteto. Jumuiya inaingia mikataba na wawekezaji wa utalii au uwindaji, na mapato yanagawanywa kati ya serikali, jumuiya na vijiji kwa viwango vya kanuni za wizara.

Kwa upande wa pesa, hapa panaweza kuzidi njia zote. Vijana wanaajiriwa askari wa wanyamapori, kijiji kinajenga darasa. Tatizo langu ni umbali. Jambo lililokuwa likiamuliwa chini ya mgunga sasa linaamuliwa na wajumbe wachache wa jumuiya, kwenye ofisi ambayo pengine haiko kijijini kwako, kwa kanuni ambazo wizara inaweza kuzibadilisha. Na kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Kijiji ambacho hakijazoea kuwabana viongozi wake kwa hesabu, kikiingia WMA kitasikia mapato redioni.

Kaboni, yaani kulipwa kwa kulinda misitu inayohifadhi hewa ukaa, imekaa tofauti kidogo, na Yaeda inaonyesha kwa nini. Wahadzabe waliingia kwenye mradi na kampuni ya Carbon Tanzania wakiwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na hati ikaja mkononi. Wanalinda misitu yao, walinzi wanatoka miongoni mwao, na mapato yamelipia matibabu na ada za shule, mambo ambayo jamii isiyo na ng'ombe wa kuuza huyapata kwa taabu. Hapo biashara imekalia ardhi ambayo tayari ina wenyewe. Ukipindua mpangilio huo, mkataba ukatangulia na hati ikafuata "baadaye", mwenye nguvu mezani ni aliyekuja na karatasi.

Nimewahi kuona karatasi hizo. Mkataba wa kurasa nyingi, kwa Kiingereza, uliletwa kijijini asubuhi ili usainiwe jioni. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliombwa autafsiri palepale, akasimama, akasoma kifungu kimoja kimoja kwa Kiswahili. Alipofika kwenye muda wa mkataba akasita, akasoma tena kimoyomoyo, kisha akasema, "Hapa wazee wangu, mtoto wa darasa la kwanza atakuwa na wajukuu mkataba bado upo." Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na tukichoka?" Mwalimu akafungua kurasa mbele na nyuma. Hapakuwa na jibu. Jioni ile hakuna aliyesaini. Waliomba nakala ya Kiswahili na miezi mitatu. Kijiji kilichojua kuomba miezi mitatu kilikuwa kimeshafanya mipango ya ardhi miaka iliyotangulia. Hawakuwa wageni wa karatasi.

Kwa walioko Kenya, na neno kwa ndugu wa Kongo

Kenya chaguo la kila siku ni hili: kusajili ardhi ya jamii kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, au kuigawa vipande kila mtu na hati yake. Katiba ya 2010, ibara ya 63, inazitaja waziwazi ardhi za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Sheria inataka daftari la wanajamii wote, kamati ya watu 7 hadi 15, na theluthi mbili ya wanajamii wakubali kabla ardhi haijatolewa kwa mtu. Il Ngwesi na Musul, huko Laikipia, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusajiliwa.

Wanaotaka kugawa wana sababu. Ranchi za kikundi, yaani ardhi ya wafugaji iliyosajiliwa kwa jina la kikundi kwa sheria ya 1968, ziliwatesa wengi. Kamati zilijigawia, vijana hawakuandikwa, wajane walifutwa. Lakini nenda Kajiado uone ugawaji ulikoishia: nyaya za uzio, viwanja vinauzwa kuelekea Nairobi, ng'ombe hawana pa kupita kiangazi. Mimi ningesajili, na nguvu zote za mwanzo ningezitia kwenye daftari: jina la kila mwanamke, kila kijana, kila aliyeolewa akaja. Daftari likiwa la uongo, theluthi mbili yake ni ya uongo.

Mashariki mwa Kongo, kwa ndugu wa Kivu na Ituri wanaosoma hapa, kuna misitu ya jamii ambayo amri ya mwaka 2014 iliruhusu jamii kuiomba, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Sheria ya Julai 2022 ya kulinda haki za Wambuti, Watwa na jamaa zao imeongeza nguvu. Usalama ndio unaoamua mengi huko, na mimi sikai huko, kwa hiyo sitawafundisha. Nasema tu kwamba kwa maandishi njia yao inafanana na hati ya pamoja kuliko na WMA.

Kuchagua

Kama bado mko kwenye ardhi yenu na hakuna aliyewafukuza, anzeni na hati ya pamoja au usajili wa ardhi ya jamii, hata kama kuna mtu anabisha hodi na pesa za utalii au kaboni. Mwambieni asubiri. Akiwa wa kweli atasubiri, pengine hata atachangia gharama za upimaji.

Kama mmeshaondolewa, au notisi iko mkononi, hati haiwezi kupatikana kwa ardhi ambayo hamjaishika. Mahakama inakuwa lazima. Nendeni, ila nendeni na chombo chenu kilichosajiliwa, na ushahidi mliouandaa wenyewe: ramani, majina ya mito na makaburi, simulizi za wazee zilizorekodiwa kwa lugha yao. Jipangeni kwa miaka 10 na zaidi. Wazee wawili watatu mnaowategemea hawatafika mwisho wa kesi, kwa hiyo warekodiwe mwaka huu.

Kama mko kwenye WMA tayari, msipoteze nguvu kulaumu waliosaini. Chukueni katiba ya jumuiya, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, na kila mkutano mkuu wa kijiji mwakilishi wenu asimame atoe hesabu kabla ya jambo lingine lolote.

Na mfadhili akiuliza mnataka mafunzo gani, msikubali haraka semina ya siku tatu mjini. Najua posho inasaidia, sidharau. Kuna mtu ada ya mwanawe imetoka hapo. Lakini ombeni wasaidizi wa kisheria wawili wanaoishi kijijini, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wafundishwe kwa mwaka mzima juu ya migogoro halisi iliyopo mezani. Sheria za msaada wa kisheria za nchi zote mbili, Kenya 2016 na Tanzania 2017, zinawatambua watu hao. Ombeni nauli ya mtendaji na mwenyekiti kufuatilia hati wilayani mpaka itoke. Ombeni mkutano mkuu mmoja kila miezi mitatu ugharamiwe chakula, maana watu wa mbali hawaji na njaa. Ombeni kidau cha wino, madaftari yenye jalada gumu, na kabati ambalo mchwa hawalipiti.